Uzamili na Printa ya Mjomba

Mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya kompyuta hufundishwa, miongoni mwa elimu nyingine nzito, kwamba mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwa hoja za hisabati kuwa hapana kanuni moja iwezayo kubaini, kwa kila programu, kama itafika kikomo au itazunguka milele. Na msimamizi wake, ambaye rasimu ya tasnifu imelala mezani kwake tangu masika, yaelekea ameifanya nadharia hiyo kuwa ruhusa. Jamaa za mwanafunzi, Mwenyezi Mungu awahifadhi, hawamjui Turing: kila Idi humwekea, kando ya sahani ya pilau, printa ya mjomba isiyochapa. Hawezi kuitengeneza, maana somo hilo halimo katika mtaala. Fundi wa Kariakoo, asiye na shahada yoyote, huimaliza kabla ya adhuhuri, na ujira wake hulipwa papo hapo.