Hongera, Mwenyekiti: Mwongozo kwa Kiongozi Mpya wa AMCOS

Hongera. Umechaguliwa kuongoza AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kijiji chako, huku kwetu kwenye ukanda wa korosho, na tayari watu watatu ambao hawakukupigia kura wamekuambia walikupigia. Umekabidhiwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na nakala ya masharti ya chama yenye doa la chai. Soma vyote viwili. Kisha fuata maelekezo haya, kwa sababu kule hayamo.

Kwanza, mtambue mwenye chama. Si wewe. Wenyeviti huja na kuondoka, meneja yupo. Yeye ndiye anayejua kabati lina nini, nani anadaiwa salfa ya mwaka juzi, na kwa nini hadaiwi. Muamkie wewe kwanza, hata kama umemzidi umri. Ukitaka kuona daftari la fedha, sema unataka kujifunza. Usiseme unataka kukagua: siku hiyo ufunguo utakuwa umekwenda Masasi kwenye msiba.

Pili, jifunze historia, ila kwa kiasi. Inatosha kujua kwamba KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ilianza 1933, kwamba serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika 1976, na kwamba iliruhusu virudi kwa sheria ya 1982. Katika kila mkutano atasimama mzee mmoja kusimulia haki yake iliyopotelea humo katikati. Mwache amalize. Jibu lake ni moja: "Tumepokea, Mzee." Usimuulize zilikuwa shilingi ngapi. Anazo kwa senti, na kijana wa kuzipigia riba yupo safu ya nyuma.

Tatu, mizani. Hapa kaa vizuri. Mkulima ameshapima korosho zake nyumbani kwa debe, mkewe amehakiki kwa macho, wote wawili wanajua walichonacho. Anafika ghalani, gunia linapandishwa, namba inacheza, karani anaisoma kabla haijatulia. Anaandika 78. Mkulima anaitazama namba, ambayo sasa imetulia kwenye 79 na kitu. Anaitazama foleni nyuma yake, pikipiki na baiskeli hadi kwenye mwembe. Analitazama wingu. Anachukua karatasi yake na kuondoka. Ile kilo moja na kitu ina jina la heshima: unyaufu. Ni kweli korosho hunyauka zikikaa, hakuna anayebisha. Ajabu ya kwetu ni kwamba hunyauka zaidi zikiwa juu ya mizani kuliko zikilala ghalani miezi miwili. Ililetwa mizani ya kidijitali ili kumaliza maneno; maneno yakahamia kwenye betri. Wewe simama jirani, mikono nyuma, itikia kwa kichwa taratibu. Ukimwambia karani asubiri namba itulie, foleni itarefuka, na wa kwanza kukulaumu atakuwa mkulima yule yule uliyemtetea.

Nne, mkutano mkuu. Tangazo liandike saa tatu asubuhi. Utaanza saa sita, gari la afisa ushirika likifika. Idadi ya akidi imeandikwa kwenye kanuni. Kijijini hutimia sufuria la pilau linapofunuliwa. Taarifa ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, iweke mapema, isomwe na mtu mwenye sauti ndogo. Ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho chama kitaruhusiwa kukopa, uweke pale harufu inapoanza kuingia ukumbini. Nimeshuhudia ukomo wa madeni ukipita kwa makofi ya mikono iliyokwisha kunawa. Mengineyo yaweke mwisho, ukijua kwamba huo ndio mkutano wenyewe. Hapo ndipo bibi aliyenyamaza tangu asubuhi atasimama, akaze kanga kiunoni, na kuuliza malipo yaliyobaki yako wapi. Sema swali ni zuri. Sema atajibiwa kwa maandishi. Hajui kusoma, wewe unalijua hilo, na yeye anajua kuwa unalijua.

Tano, bei na makato. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho msimu wa 2007, mnunuzi hapaswi kugonga mlango wa mkulima. Bei hupatikana mnadani, wakulima wakaikubali au wakaikataa. Bei hiyo kila mtu ataisikia, mpaka watoto. Makato hayasikiki: ushuru wa halmashauri, wa chama, wa chama kikuu, ghala, usafirishaji, magunia. Yaandike yote bila kuficha, ubandike kwenye mlango wa ofisi, ule ambao mchana kutwa huwa wazi umeegemea ukuta. Kisha angalia nyumba yako. Mwaka 2013 kule Liwale hasira ya malipo ya korosho iliishia kwenye nyumba kuchomwa moto. Kwa hiyo msimu huu usiezeke. Usinunue pikipiki, usioe mke wa pili, usijenge hata choo. Mwanao akikutumia mabati kutoka Dar es Salaam kwa jasho lake halali, yalaze kwa mkweo, tena kijiji cha tatu. Taarifa ya ukaguzi husomwa mara moja kwa mwaka. Paa la mwenyekiti husomwa kila asubuhi.

Sita, kangomba. Ni ule ununuzi wa bakuli, kwa bei ya njaa, mikorosho ikiwa bado maua. Ni marufuku, na kila kiongozi huukemea. Kemea na wewe, kwa nguvu, ila macho yapite juu ya vichwa vya safu ya mbele, wanakokaa wajumbe wa bodi. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzisomba, wahakiki waliwataka wenye mzigo mkubwa waoneshe mashamba. Usijaribu kuwaiga. Shamba la kwanza kukosekana litakuwa la shemeji yako.

Saba, mustakabali wetu wa pamoja. Ataletwa mwezeshaji na makaratasi makubwa meupe, mtaandaa mpango mkakati wa miaka mitano. Dira iwe ndefu. Kiwanda cha kubangulia kiwemo. Mpango wa kijiji cha korosho usio na kiwanda haujakamilika. Usikumbushe mtu kwamba viwanda vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980 vingi viliishia kuwa maghala. Vijana wawemo kila ukurasa. Ukumbini hawatakuwemo, wako barabarani na bodaboda, lakini hilo ni suala la utekelezaji. Akitokea wa kuuliza fedha zitatoka wapi, andika "wadau wa maendeleo" na umshukuru. Kabla ya kuchapisha, futa jina la AMCOS ya jirani kote lilipo, hasa ukurasa wa tisa. Halafu ufungie kabatini. Ukiuacha mezani, kuna mtu atausoma.

Nane, kukabidhi. Usidhani utaondolewa kwa kosa ulilofanya. Utaondolewa kwa turubai lililopotea, ambalo hukuwahi kuliona. Usijitetee, inachelewesha chakula. Andika hati ya makabidhiano: mizani moja, betri moja isiyoshika chaji, kabati moja, mhuri (uko kwa meneja), ufunguo (uko Masasi). Weka saini, mpe mkono mwenyekiti mpya. Kisha nenda ukakae safu ya tatu, upande wa wazee, usiseme kitu mpaka kwenye mengineyo. Hapo simama, ulizia unyaufu.