Sarafu Sita Ambazo Konda wa Marangu Hatazipokea

Mangi, tunajuana: sisi wa mlimani sarafu isiyozunguka tunaiona mgonjwa. Sasa kuna sarafu za pruf. Zinagongwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliosuguliwa, uwanja unaozunguka picha ukawa kioo, picha yenyewe ikabaki na weupe wa ukungu, kisha zinafungiwa kwenye kikasha kidole kisizifikie. Hela ya kutazama! Nimezipanga kutoka mkiani hadi bingwa. Kubisha ruksa.

6. Kilimanjaro ya Visiwa vya Cook. Fedha, aunsi tano, mlima wetu mzima mzima. Geuza: Malkia Elizabeth. Visiwa vyenyewe viko Pasifiki, na hakuna anayeiona Kibo kutoka huko hata mawingu yakiondoka yote. Hukumu: wameingia shambani bila hodi.

5. Chozi, Sh 2,000, 1986. Ndege mdogo kwenye dhahabu. Hukumu: kandege ka kushika kiganjani, bei ya ng'ombe.

4. Duma, Sh 1,500, 1974. Gramu 33 na ushei, dhahabu, upande wa pili sura ya Mwalimu, miaka saba tu baada ya Azimio la Arusha. Ilikuwa ya wakusanyaji, kuchangia uhifadhi wa wanyama, si ya kununulia ndizi soko la Mbuyuni. Hukumu: ujamaa haujawahi kung'aa hivi. Na ukiitumia kwa thamani iliyoandikwa, nauli ya Rombo haitimii.

3. Rupia 15 ya Tabora, 1916. Si pruf, nimeipitisha mlango wa nyuma. Wajerumani walikuwa wamebanwa na vita, wakagonga dhahabu ndani ya karakana ya reli: tembo kainua mkonga, nyuma yake milima. Milima gani? Sisi wa Moshi tunajua. Wa Tabora na walete ushahidi. Hukumu: kesi imefungwa.

2. Faru, Sh 50, 1974. Hapa taratibu. Toa hamsini yako ya mfukoni, ile ya pembe saba. Umemwona faru na mtoto wake? Chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kimesuguka, na muuza duka anakurudishia pipi badala yake. Sasa faru wa 1974: fedha, gramu 35, peke yake bila mtoto, kang'aa kama kaoga kwa ajili ya Krismasi. Mnyama yuleyule, namba ileile, nchi ileile! Mmoja analala kwenye kikasha, mwenzake analala chini ya kiti cha Hiace. Hukumu: hata faru wana ndugu waliofanikiwa mjini.

1. Shilingi ya Mwenge, 1966. Seti ya kwanza ya nchi: samaki wa senti tano, mbuni wa ishirini, sungura wa hamsini, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Hakuna dhahabu, hakuna hata fedha; ni shaba na nikeli. Lakini Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, kileleni palipokuwa na jina la Kaiser Wilhelm. Nionyeshe sarafu nyingine ambayo picha yake imepanda mlima huu, si kuutazama tu kwa mbali.

Hukumu: bingwa. Mashabiki wa sungura, najua mmeanza kupandisha hasira. Tukutane stendi ya Moshi, na anayeshindwa analipa mbege. Kwa hela inayozunguka.