Sanamu Ilipandishwa Meli, Shamba Likabaki

Nyoo! Nisonye mara ngapi? Vijana wa bodaboda hapa stejini Kikoneni leo wamegeuka mahakimu wa sanamu. Mmoja asema zote za mkoloni zivunjwe, kama alivyofanyiwa Malkia Victoria bustani ya Jeevanjee, Nairobi, mwaka 2015, aliposukumwa chini kichwa kikakatika. Haya, kaanguka. Bei ya petroli imeshuka?

Sisi Wapwani tulianza kitambo, tena bila fujo. Mombasa, bustani ya Treasury, alisimama William Mackinnon, yule mwenye kampuni ya Waingereza iliyopewa hati na Malkia mwaka 1888, ikafanyia shughuli zake hapo chini Shimoni. Baada ya uhuru aling'olewa, akapelekwa kwao Uskoti. Mgeni kasindikizwa kwa heshima zote! Lakini yaliyofuata nyuma ya kampuni ile hayakupanda meli. Ilikuja sheria ya hati za ardhi, 1908: njoo udai shamba lako, la sivyo ni la serikali ya Mfalme. Mdigo aliyerithi minazi kwa babu yake, ushahidi wake ukiwa minazi yenyewe, angedai na nini? Leo mjukuu wake aitwa skwota, na kaburi la babu liko pale pale uani.

"Basi tumsimamishe Mbaruk wa Gazi!" apiga kelele mwengine.

Ala! Mbaruk bin Rashid Mazrui aliwatoa Waingereza jasho, hilo sikatai. Walimfuata hadi ngomeni kwake Mwele, Agosti 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwa Wajerumani. Lakini mashamba yake yakilimwa na nani, mwanangu? Watumwa. Na vizazi vyao tungali nao huku huku, wengine twagawana nao kahawa hii. Hao waulizwe kwanza, kabla hujachanganya saruji.

Mimi ukiniuliza, magofu ya Shimoni yaachwe: nyumba ya wakubwa, jela, na mapango ambayo wazee husimulia kuwa watumwa walifungwa humo. Yale hayamsifu mtu. Sanamu ndiyo inayonitia shaka, iwe ya Mzungu au ya Mazrui.

Na hiyo yenu ya Mbaruk, mwataka kuisimamisha wapi? Nionyesheni kwanza kiwanja chenye hatimiliki.