Sifa za Mashine Iliyogoma

Mama amesifiwa, nchi imesifiwa, na mawingu yanayoifunika Uluguru asubuhi yana washairi wao. Amebaki mmoja asiye na wa kumtetea: mashine pepe iliyowaka vizuri jana, ikafanyiwa masasisho usiku, na asubuhi ikagoma. Hiyo ni kompyuta isiyo na bati wala nyaya, faili kubwa lililolala ndani ya kompyuta nyingine, likiamini lina diski na kadi ya mtandao ya kwake. Katika mji wa vyuo kama Morogoro, wenye SUA miguuni pa mlima na Mzumbe barabara ya Iringa, faida yake haihitaji maelezo marefu: programu ya zamani ya takwimu au ya uhasibu, isiyoelewana na Windows mpya, hupewa chumba ndani ya kompyuta ya kisasa na kuishi humo miaka. Ikigoma hulaumiwa TANESCO kwanza, kisha afisa TEHAMA, halafu mashine yenyewe hutukanwa matusi ambayo hata mbuzi aliyekula mtihani asingeyapata. Mimi nasema haijakosa. Katika ofisi nzima ndiyo mfanyakazi pekee anayekataa kuanza kazi juu ya msingi uliobadilishwa bila yeye kuarifiwa, na kukataa huko ni taarifa ya bei nafuu kuliko zote ambazo ofisi itapata mwaka huo.

Tazama jinsi inavyogoma kwa adabu. Chukua VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, iliyokaa juu ya Linux. Ili mashine pepe ishike kichakataji cha kompyuta mwenyeji, inahitaji moduli iitwayo vboxdrv, na moduli hiyo hutengenezwa kwa kipimo cha kiini cha Linux kilichopo siku hiyo. Masasisho ya usiku yakileta kiini kipya, moduli ya zamani haikiingii tena. Mashine haijifanyi haijaona. Inatoa ujumbe kwamba moduli haijapakiwa, inaandika namba ya kosa, -1908, na juu ya hayo inataja dawa: endesha vboxconfig kwa mamlaka ya msimamizi, moduli itengenezwe upya. Ni wagomaji wangapi wanaoleta madai pamoja na suluhisho lililochapwa? Kompyuta yenye Secure Boot, ulinzi unaokagua saini wakati wa kuwaka, nayo itaikataa moduli isiyo na saini inayotambulika hata kama imetengenezwa sawasawa, kwa sababu mlinzi aliyeambiwa asimpitishe asiye na kitambulisho hana ruhusa ya kubahatisha. Na ikiwa mashine ililazwa katikati ya kazi, hali yake ikahifadhiwa na toleo la zamani, toleo jipya lisiloielewa hali hiyo halitajaribu kuikisia. Ukiitupa hali hiyo unapoteza yaliyokuwa kwenye kumbukumbu wakati huo. Yaliyokwisha kuandikwa kwenye diski yanabaki. Hapa ndipo penye heshima yake kubwa: mgomo wa namna hii hutokea mlangoni, kabla mfumo uliomo ndani haujaamshwa. Hakuna jedwali lililofunguliwa nusu, hakuna alama ya mwanafunzi iliyoandikwa mara mbili.

Mlinganishe sasa na mtiifu. Kwenye Windows, masasisho yanaweza kuwasha Hyper-V, mtambo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, bila mwenye kompyuta kujua, na VirtualBox ikajikuta inapanga chumba kwa jirani mkubwa. Mara nyingi haigomi. Inawaka, inaweka picha ndogo ya kobe wa kijani chini ya dirisha, na kuanzia hapo inatembea kama huyo kobe. Wengi hawamwoni. Watalalamika miezi kwamba kompyuta imezeeka, na pengine wataomba bajeti ya kununua nyingine. Huyo ni mtiifu mdogo. Mtiifu mkubwa alikuwa Horizon, mfumo wa hesabu wa Posta ya Uingereza, ambao haukugoma hata pale ulipokuwa na makosa. Uliwaka kila asubuhi, ukajumlisha vibaya, ukaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Kati ya 1999 na 2015, kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa. Ilipofika 2024 bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Laiti ungegoma, wakuu wa vituo vya posta wangekasirika siku moja na kulala nyumbani kwao.

Nitaambiwa: waulize waliokwama viwanja vya ndege tarehe 19 Julai 2024 kama mgomo wa kompyuta ni jambo la kusifia. Siku hiyo faili bovu la masasisho kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5, na nyingi zikawa haziwaki tena hadi mtu afike na kuishika kila moja kwa mkono. Hoja ni nzito, na hasara ilikuwa kubwa. Lakini angalia saa. Faili lile lilitumwa na kuondolewa ndani ya dakika 78, kwa sababu dunia nzima iliona kwa pamoja kwamba kuna kitu kimevunjika. Kurekebisha kulichukua siku. Kujua hakukuchukua hata saa mbili. Kwa Horizon, kujua kulichukua zaidi ya muongo, na waliotangulia kujua walikuwa mahakamani wakiitwa wezi.

Na mgomo wenye ujumbe haukuanza na kompyuta: milima ya Uluguru, iliyo juu ya Morogoro, ina historia yake ya kugomea maboresho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta mradi wa matumizi ya ardhi milimani kwa sababu ambayo kwenye karatasi haikuwa mbaya: miteremko inalimwa mno na udongo unashuka mtoni. Dawa ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa amri. Pembe ya mteremko ilitiwa hesabuni, udongo na ukoo havikutiwa. Sehemu nyingi tabaka lenye rutuba ni jembamba. Kukata ngazi kulilifukia na kuleta juu udongo mfu wa chini, mazao yakadumaa. Tena ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na wapo wanaolima kwa ruhusa katika ardhi ya ukoo mwingine. Nani atajenga kitu cha kudumu kwenye shamba la kuazima, na mwenye ardhi atakubalije ajenge? Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na baada yake mradi ukaachwa. Aliyewaita watu wale wakaidi alisoma nusu ya ujumbe. Huko Mgeta, upande wa magharibi, wakulima wa mboga wanalima juu ya ngazi penye maji ya kumwagilia, na mboga zao hufika Kariakoo. Ngazi hazikuwa na kosa, kama vile vboxdrv haina kosa. Zilitengenezwa kwa kipimo cha mahali pengine.

Atakayesema kumlinganisha mkulima wa Matombo na faili ni kumvunjia heshima, namkubalia nusu. Mkulima alijua kwa nini anakataa na alijua gharama yake. Mashine haijui lolote, na ndiyo maana sifa zake hapa ni za bei ya chini. Ninacholinganisha ni waliopokea ujumbe, wale wa bwana shamba na hawa wa chumba cha seva, ambao wote hukimbilia kumnyamazisha aliyeuleta.

Linabaki pingamizi la fundi makini, ambaye hupandisha toleo jipya kwenye nakala kwanza na hivyo hajui mgomo ni nini siku ya kazi. Huyo hapingani nami. Kujaribu kwenye nakala ni kuualika mgomo siku ya Jumamosi badala ya Jumatatu ya kutangaza matokeo, na asingejifunza kuualika kama usingewahi kumjia bila hodi. Mharibifu halisi ni mwenye pupa, anayekuta mashine imekataa, akaifuta na faili zake zote ili aunde nyingine, au akaondoa mafaili ya picha za hali (snapshots) akidhani ni takataka zinazojaza diski, kumbe diski yote imeegemea hayo. Mgomo haukumpotezea hata barua moja. Alipoteza yeye, kwa mkono wake, dakika kumi baadaye.

Kwa hiyo, msomaji, ukiikuta imegoma, usiitukane na usifute kitu. Nakili folda yake nzima mahali pengine, fungua faili la VBox.log, tafuta kosa la kwanza badala ya la mwisho, kisha uulize kilichobadilishwa jana usiku ni nini, na nani alikibadilisha.