Mtu Asiye na Dumu

Mjini Arua ukipita umejitwika gunia la mihogo, au unakokota mbuzi asiyetaka kwenda, au umepakia mlango mzima kwenye bodaboda, hakuna atakayekuuliza neno. Una safari yako. Lakini tembea mikono mitupu, taratibu, macho juu ya miti, uone kama utaumaliza uwanja wa gofu kabla hujakusanya watu.

Mimi ni mpenzi wa ndege. Ugonjwa huu ulinipata ukubwani, na kwetu bado haujapatiwa mganga. Wenzangu wana mashamba, wana maduka, wana ng'ombe. Mimi nina darubini kuukuu na daftari. Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, Julai 2020, nilijiambia kwamba sasa nami nina haki ya matembezi ya jioni kama watu wa Nairobi na msitu wao wa Karura. Karura kuna njia zilizotengenezwa, vibao vya kuelekeza na lango la kulipia. Sisi tuna msitu wa Barifa, na njia zake zimechorwa na mbuzi pamoja na akina mama waokota kuni. Ukifuata ya mbuzi utajikuta kwenye miiba. Fuata ya akina mama.

Humo ndimo nilimokuwa jioni moja baada ya mvua, nimemnasa hondohondo kwenye darubini. Alikuwa juu ya mkalitusi, mdomo wake mkubwa umeelekea angani, anapiga mluzi kama refa aliyenyimwa posho. Nikasogea hatua mbili nimwone vizuri. Hatua hizo mbili zilinifikisha katikati ya msafara wa siafu.

Siafu ana adabu za ajabu. Hakuumi anapopanda. Hupanda kimya, yeye na ukoo wake, mpaka kila mmoja apate mahali pake. Kisha ni kama mtu amepuliza filimbi. Ukimvuta mmoja, kiwiliwili kinakuja, kichwa kinabaki na meno yake nyamani. Nilivua suruali nikajificha nyuma ya mkalitusi, na mwenye kuujua mti huo anajua unene wake: ulinificha pua na kitovu. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Wala hakushtuka.

"Baba, hapo ndipo wanapopita," aliniambia, akionyesha siafu kwa kidevu. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Ndege, mama."

"Wa kula?"

"Wa kutazama."

Alinitazama kidogo, mimi na suruali yangu mkononi, akaona mengine si ya kuuliza. Akaendelea na njia.

Mwewe naye ana mambo yake. Kando ya barabara nilinunua roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, nikaiweka mkono wa kushoto ili wa kulia ushike darubini. Nilikuwa nataka kumwona mwewe kwa karibu, na nilimwona kwa karibu mno. Lenzi zilijaa manyoya ya kahawia, upepo ukanipiga usoni, na mkononi mwangu kikabaki kipande cha gazeti chenye mafuta. Vijana wa bodaboda waliokuwa kwenye kituo chao walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki. Kisha wakaanza kubishana kama mwewe alinifuata tangu kwa muuza chapati au alikuwa akiningoja.

Hayo ya wadudu na ndege ni madogo. Kazi ipo kwa binadamu. Katika mji ambao kila kiwanja kilicho wazi kina kesi yake, mtu mwenye darubini na daftari si mtalii. Ni mpima ardhi. "Bosi, mnapima tena?" niliulizwa na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi, na lile "tena" lilinitia baridi. Kabla sijajibu, kijana mmoja alishaninong'oneza kwamba babu yake ana ploti karibu na mto Enyau, haina matatizo, ila tusimwambie shangazi. Kuna watu mpaka leo wananisalimia kwa jina la "mwekezaji", na ninavyovaa wanaona ni ujanja wa kuficha pesa.

Nikaona nibadilishe hewa, nikapanda teksi kwenda Koboko. Barabara ya lami inapita Maracha ikielekea kaskazini, na ukikaribia unauona mlima Liru umekaa pale, ambao masimulizi ya Walugbara yanauhusisha na babu yao Jaki, kama yanavyomhusisha mwenzake Dribidu na mlima Wati. Koboko iko jirani na nchi mbili kwa mpigo, Kongo na Sudan Kusini, na simu yangu ilikuwa ya kwanza kuliona hilo. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, sijainua hata mguu, ikanikaribisha Sudan Kusini. Nikageuka kumtazama chozi aliyekuwa akifyonza maua, ikanikaribisha Kongo. Niliporudi kumtazama chozi, muda wangu wa maongezi ulikuwa umeshavuka mpaka na haukurudi.

Mzee mmoja wa Kikakwa aliyekuwa ameniangalia muda mrefu alikuja akakaa jiwe la pili. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mtama. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, dhahabu haionekani kwa miwani mirefu."

Nikamweleza habari za ndege. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali. "Wote waliokuja huku walisema wanatazama tu."

Hapo alinifunga mdomo, kwa sababu historia iko upande wake. Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile. Nchi hii, yaani West Nile, ilikuwa bado Lado, chini ya utawala wa Wabelgiji. Ilikuja kutiwa Uganda mwaka 1914. Roosevelt naye alisema amekuja kwa ajili ya elimu ya viumbe. Yeye na mwanawe Kermit wakaua vifaru weupe tisa. Katika Uganda yote kifaru huyo, mweupe wa kaskazini, kiasili alikuwa akiishi upande huu wa Nile tu, na hifadhi ya Ajai ilikuwa moja ya ngome zake. Bunduki za majangili ziliwamaliza waliobaki, na miaka ya 1980 ilipoanza ikawa basi. Dume la mwisho duniani, Sudan, lilikufa Machi 2018 huko Ol Pejeta, Kenya, likiacha majike wawili, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Sisi tumebaki na jina la Rhino Camp, ambako leo kuna makazi ya wakimbizi na hakuna kifaru hata wa kuchora.

Kwa hiyo mtu wa West Nile anapomwona mgeni anatazama viumbe bila sababu, akauliza anatafuta nini, hafanyi ushamba. Anafanya kazi ambayo walinzi wengi wenye mishahara walishindwa kuifanya.

Nilirudi Arua nimeamua kujitafutia sababu. Nikachukua dumu la njano la lita 20, nikaliweka begani, darubini nikaificha chini ya shati. Mambo yakawa mepesi. Nilipita Barifa mchana kweupe, mzee wa mbuzi akaitikia salamu bila kuuliza vipimo. Mtu mwenye dumu anaenda kisimani au anatoka kisimani.

Nilisahau tu kwamba niko Arua, mji wa OPEC Boys, vijana waliouza petroli ya magendo kutoka Kongo kwa madumu kama hilohilo. Bodaboda mbili zilinifuata mpaka chini ya miti.

"Kaka, lita bei gani?"

"Ni tupu."

Wakatazamana. Mmoja akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Mzigo unaingia saa ngapi?"

Nikawaambia jioni. Wakazima pikipiki, mmoja akakaa njia ya juu na mwingine njia ya chini, na yeyote aliyetaka kuja kuniuliza ninatafuta nini walimalizana naye hukohuko. Hondohondo nilimtazama saa nzima.