Hotuba ya Bingwa wa Umeme wa Bafuni

Majirani, wapangaji, na ninyi mliofuata soda: mbele yenu amesimama bingwa wa umeme wa bafuni katika Tabata nzima, cheo nilichojivika mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine anayekigombea.

Mada ni kabati la kioo lenye taa, lile linalotundikwa juu ya sinki. Fundi mwenye leseni ya EWURA ana masharti yake kuhusu kabati hili. Nimekuja kuyabomoa.

Tuanze na umbali. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zimeligawa bafu kama ramani ya vita. Kanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea, kanda 1 ni juu yake hadi mita 2.25, kanda 2 inaongeza sentimita 60 pembeni. Eti chombo cha kanda 2 kiwe kinastahimili angalau maji ya kurukia, alama yake IPX4. Soketi ya kawaida nayo ikae mita 2.5 kutoka kanda 1. Bafu langu zima lina mita moja na nusu kwa mbili! Kwa hesabu hiyo soketi yangu itafungwa sebuleni kwa jirani, na uniti za LUKU alipe nani?

Waya wa kijani na njano ndio unaonikera zaidi. Wa kahawia unaleta moto, wa bluu unaurudisha, huyu wa tatu amelala mwaka mzima. Niliposema ukatwe, fundi akanijibu kwamba siku moto ukigusa bati la kabati, huo ndio utakaoupeleka ardhini badala ya kupita kwenye mkono wangu. Yaani ameajiriwa kwa ajili ya siku moja!

Sasa RCD, kifaa kioga kuliko vyote nilivyowahi kuona. Miliampia 30 tu zikipotea njiani, kinakata umeme. Nikamwambia nina sakiti breka, inatosha. Akasema breka inalinda waya usiungue. Ampia kadhaa zinapita hapo bila breka kushtuka, wakati moyo wa binadamu, hasa aliyelowa, unaweza kuvurugwa na sehemu ndogo sana ya ampia moja. Mimi moyo wangu ni wa kiume, sikuona unavyohusika.

Jointi nyuma ya kabati nilikusudia kuzifunga kwa solotepu, lakini yeye anataka boksi lenye mfuniko na viunganishi vya skrubu. Anasa tupu.

Kilichonisikitisha ni kutojiamini kwake. Alizima meinswichi, akabandika karatasi ya kukataza mtu asiiwashe, halafu akaanza kupima waya uleule aliouzima. Kabla ya hapo alikipima kipimo chenyewe kwenye soketi yenye umeme, na alipomaliza akakipima tena! Mimi hujaribu mara moja, kwa ncha ya kidole.

Mtauliza nilimwonea wapi. Bafuni kwangu. Mama watoto alimwita nikiwa kwenye maandalizi ya hotuba hii. Kabati linawaka, kioo hakishiki mvuke, na hakuna aliyepigwa shoti. Sitoi maoni. Mwenye kuhitaji namba ya fundi akaichukue kwa mama watoto; mimi ninapokea maswali ya nadharia tu.