Mfarishi wa Mama Mkwe

Tangu mwaka 1940, Daktari John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alipougundua mwamba wa almasi hapa Mwadui, wakazi wa mji huu wamezoea kutembea macho yakiwa chini, maana hakuna ajuaye ni kokoto ipi itakayombadilishia maisha. Mimi nami hutembea macho chini, ila kwa sababu iliyo duni zaidi: natafuta sindano. Nimezipoteza sindano nyingi mno katika nyumba yetu, na mume wangu, ambaye ndiye azipataye, tena bila kuzitafuta na bila kuvaa viatu, amepata kusema mara nyingi kwamba laiti almasi zingalipatikana kwa wepesi wa sindano zangu, angalikwisha kustaafu zamani na kununua miguu mipya.

Kazi yangu, tangu nilipoacha ualimu, ni kushona mifarishi. Kwa asiyeujua, mfarishi ni tandiko la tabaka tatu, chini bitana tupu, katikati pamba, na juu viraka vilivyoungwa hata vikawa nakshi, kisha vyote vikashikamanishwa kwa mishono midogo midogo iendayo na kurudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Nilijifunza kazi hiyo kwa bibi yangu huko Tanga, nilikozaliwa, nikaja nayo Usukuma nilipoolewa. Na majirani walipomwona mke wa mtu mwenye ajira anakata doti nzima ya kanga kisha anaiunga upya vipande vipande, walimwendea mume wangu faraghani wakamwuliza kama mshahara umechelewa.

Niliwaeleza kwa upole kwamba kanga yenyewe ni mtoto wa viraka, kwani husimuliwa ya kuwa wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walikuwa wakinunua leso zikiwa bado zimeshikana katika jora, wakakata leso sita, yaani vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu hata vikawa vazi moja la kujitanda. Na ndiyo maana mpaka leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Maneno yalikuja baadaye, na katika habari za kutia misemo ya Kiswahili hutajwa sana Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Majirani walinisikiliza kwa staha kubwa, na jioni yake mmoja wao akaniletea kibaba cha unga.

Naamini, na itikadi hii imenigharimu marafiki kadhaa, kwamba hidaya iliyotoka mkononi ni azizi kuliko iliyotoka dukani. Kila Septemba naapa ya kuwa zawadi zote za Krismasi zitakuwa tayari kabla mvua ya kwanza haijanyesha, na kila mkesha wa Krismasi hunikuta nimeinamia kazi, uzi mdomoni, nikimkaripia kila anayenitakia heri. Mazao ya haraka hiyo yanajulikana. Jirani niliyemshonea kishikio cha sufuria alirudi kunieleza kwamba kishikio kilishika moto kabla hakijashika sufuria. Na shemeji niliyemshonea mto wa kiti aliukalia kwa muda mfupi sana, ndipo ikajulikana ilikokwenda sindano yangu namba saba.

Mwaka juzi niliazimia kumshonea mfarishi mama mkwe, ambaye sote humwita Mayu. Mayu hukaa kijijini Kishapu, na ni katika watu waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na kwa kuwa kisomo cha huku kwetu kilifundisha herufi pamoja na kilimo cha pamba, hata leo akiiona herufi P huuliza habari za mvua. Mtu aliyepata kusoma kwa jasho hasomi kwa dharau. Mayu husoma mfuko wa saruji, karatasi ya sabuni na tarehe iliyo chini ya kopo. Husoma kwa sauti, kidole kikitangulia na midomo ikifuata, wala hapiti penye maandishi pasipo kuyamaliza, kana kwamba kila neno ni mtu aliyemwamkia njiani na si adabu kumpita kimya.

Mimi ni kinyume chake. Nimesoma tangu utotoni, nikasomesha wengine kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo nimepata kiburi cha kusoma huku mikono yangu ikifanya kazi nyingine. Hushona kitabu kikiwa wazi mbele yangu, mkasi umelala juu ya ukurasa wa kushoto na kastabini juu ya wa kulia. Mwaka huo nilianza na Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, maana naona ladha ya pekee kusoma habari za watu wanaovuka jangwa kwa ajili ya almasi ilhali mimi nazisikia zikichimbwa nikiwa nimekaa kitini. Kisha nikaingia katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kwa kiko chake na utulivu wake, haachi dalili hata moja impite. Nilimhusudu sana Bwana Msa kwa macho yake makali, na katika kumhusudu huko, dalili zote za chumba changu zikanipita.

Ya kwanza ilikuwa pamba. Jamaa wa mume wangu alituletea kiroba cha pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, haijafika kiwandani kuchambuliwa, nami nikaona ni jambo la fahari kwamba Mayu, aliyelima pamba maisha yake yote, alale chini ya pamba ya Kishapu. Nilizitoa mbegu kwa vidole, moja moja, huku nasoma. Penye sura zilizopooza pamba ilitoka safi, laini kama sufi. Penye sura zilizochemka niliishindilia ndani ya mfarishi pamoja na mbegu zake zote, bila habari. Mtu angeweza kuupapasa mfarishi ule gizani akataja ni sura zipi zilizokuwa tamu.

Ya pili ilikuwa maneno. Nilikuwa na kanga tatu zilizopatana rangi: moja ikisema MGENI NJOO MWENYEJI APONE, ya pili HASIDI HANA SABABU, na ya tatu, niliyotunzwa siku nilipoagwa Tanga, NENDA SALAMA URUDI SALAMA. Nilizikata kwa kufuata maua, kwa kuwa fundi wa mifarishi hutazama ua likae wapi, na mengine yote kwake ni takataka. Mwadui yenyewe ni shahidi wangu: almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana hapa mwaka 1947, ambayo Williamson alimtunza Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake, ilitoka ardhini na uzito wa karati 54.5, ikatoka mikononi mwa mchongaji na karati 23.6, wala sijasikia kwamba bibi arusi aliuliza iliyobaki imekwenda wapi. Nami nikachonga. Kipande chenye neno NJOO, kwa kuwa hakikuwa na ua hata moja, nilikitenga kiwe kitambaa cha kufutia miwani yangu ya kusomea.

Siku mbili kabla ya Krismasi Mayu aliwasili na fuko la michembe, kuku wawili waliofungwa miguu, na azma ya kukaa kwetu hata mwaka mpya upite. Nyumba ilikuwa katika pilikapilika za sikukuu: wajukuu walizijaribu nguo mpya na kuzichafua kwa pamoja, mchele ulikuwa ukichaguliwa barazani, mbuzi alipiga kelele nyuma ya jiko kama aliyesomewa kalenda, na mimi, mlango umefungwa, nilikuwa napiga mishono ya mwisho huku zimebaki kurasa chache Bwana Msa amtaje mwuaji. Vyote viwili vilikwisha saa nane za usiku wa mkesha, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada na pilau, nilimtandazia Mayu mfarishi magotini. Wajukuu wakapiga makofi. Aliupapasa, akaisifu rangi; kisha kidole kikatangulia, midomo ikafuata, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti haikutoka. Akarudia mara ya pili. Akaukunja taratibu, pembe kwa pembe, akasema, “Wabeja, mwanangu,” akauliza gari la Kishapu huondoka saa ngapi asubuhi.

Nilidhani furaha imemzidi. Jioni hakula ila vijiko viwili vya wali, nikadhani ameshiba. Usiku mume wangu akaniuliza nimemwambia nini mama yake, nami nikamwapia kwa haki ya Mungu kwamba sikutamka neno. Na kweli sikutamka, nilishona.

Asubuhi tulimsindikiza mpaka langoni. Mji wa mgodi una uzio, na atokaye hupekuliwa mzigo wake, jambo ambalo sisi tuishio penye almasi tumelizoea kama watu wa pwani walivyoizoea chumvi. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimwamkia Mayu, akaupapasa mfarishi, na mkono wake ukasimama. Akapapasa tena. Mle ndani mlikuwa na vitu vidogo, vigumu, vingi, vimejikusanya kwa mafungu.

“Bibi, humu ndani mna nini?”

“Usiniulize mimi, mjukuu wangu,” Mayu akajibu. “Mimi nimeambiwa niende, nami nakwenda. Sasa kule nafukuzwa na huku nazuiwa; nikakae wapi?”

“Nani aliyekufukuza?”

“Soma.”

Mlinzi akaukunjua mfarishi mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja zamu zao, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina: “Mgeni hana sababu. Nenda, mwenyeji apone.”

Mume wangu alinigeukia, na wote waliokuwapo wakageuka naye. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilipoisoma kazi ya mikono yangu: MGENI ya kanga ya kwanza imekaa ubavuni mwa HANA SABABU ya kanga ya pili, na chini yake NENDA ya kanga ya tatu imeungana na MWENYEJI APONE kwa mshono mwembamba, imara, usioonekana, mshono niliokuwa nimejisifia kwa juma zima.

Fedheha hiyo haijatua, mlinzi akafumua pembe moja kwa idhini yetu, na mbegu za pamba zikamwagika juu ya meza yake. Watu walicheka, yeye alizihesabu kidogo, kwa mazoea, kisha akaacha. Mayu aliokota mbegu moja, akaitia baina ya meno, akaitafakari.

“Mbegu nzima hii,” akasema, “na mvua imekwisha kunyesha. Ningeamka shambani.”

Nilipiga magoti kama ilivyo ada ya wanawake wa Usukuma mbele ya mkubwa wao, machozi yakanilenga, nikavua miwani niifute. Na nilipokuwa naifuta Mayu akanishika mkono. Kidole chake kikatangulia. “Njo-o,” akasoma. Akakitazama kitambaa, akautazama mfarishi, akalinganisha ukingo na ukingo kama fundi. Kisha akakilaza kitambaa juu ya HANA SABABU, akaiziba NENDA kwa kiganja chake, akasoma kwa sauti yote yale yaliyobaki. Bwana Msa angalimkabidhi kiko.

“Basi narudi,” akasema, alipokwisha kucheka, “maana mwenyeji mwenyewe namwona bado hajapona.” Akarudi, akakaa kwetu hata nusu ya Januari ikapita.

Nilimwomba anipe mfarishi niufumue na kuushona upya. Alikataa katakata, akaondoka nao kama ulivyo, na kitambaa changu cha miwani akakichukua pia.

Pasaka iliyofuata tulikwenda Kishapu kumtembelea. Juu ya mlango wa chumba cha wageni alikuwa amekipigilia kile kitambaa, NJOO, na ndani, juu ya kitanda, mfarishi umetandikwa vizuri, maneno yakielekea mto. Alitueleza kwa utulivu kwamba tangu autandike hapo hakuna mgeni aliyezidisha siku mbili, na kwamba majirani wawili wamekwisha kuja kuuazima.

Usiku wa kwanza nilichoka, nikalala upesi. Usiku wa pili usingizi ulinipaa, wala sikuwa na kitabu; nikasogeza kibatari, nikausoma mfarishi wangu kutoka pembe hata pembe, kidole kikitangulia, midomo ikifuata. Alfajiri ya siku ya tatu Mayu alitukuta uani, mizigo tumekwisha kuifunga.